Kibofu Kilichotangulia Kuandikwa

Kabla ya kumgusa mama yeyote, mpiga picha za mimba huitia chupa ya jeli kwapani ipate joto, husema bismillahi, na akingoja huijaza fomu: moyo umeonekana, figo zimeonekana, kibofu kimeonekana. Alama anazotia kwenye fomu ni safi, na kina mama humsifu kwamba hachelewi. Jana alipanda kitandani Hasina, mwalimu kutoka Gazi, fomu yake ameshikishwa mkononi. Kifaa cha ultrasound kilikwenda kushoto tumboni, kikarudi kulia, kikabonyezwa tena chini ya kitovu.

"Watafuta nini, baba?"

"Kibofu cha mtoto, mwanangu. Sikioni. Huenda amekojoa sasa hivi. Kanywe maji, urudi baada ya nusu saa tutazame tena."

Hasina aliisoma fomu. "Mbona hapa umeshaandika kimeonekana?"

Haya zilimpanda mpiga picha hadi masikioni. Aliipokea karatasi, akaikunja mara nne, akachukua nyingine tupu.

"Na wale walionitangulia?" Hasina aliuliza, kwa upole.

Mpiga picha alichukua kitambaa, akaanza kumpangusa jeli tumboni, akaendelea kupangusa hata palipokwisha kukauka.