Airisi Zilizofunikwa Leso

"Kyule, hii si maua, hii ni majani inajifanya! Jana asubuhi imefunguka, jioni ikajikunja kama tishu imetumika. Leo hakuna kitu. Jumamosi nitaonyesha wageni nini? Vijiti?"

Mama Shiro alikuwa amesimama getini na kisu ya jikoni. Kyule alikuwa amechuchumaa kati ya miche yake, hapo nje ya fensi ya huyo mama, mahali aliruhusiwa kuuzia.

"Airisi ya msituni ndio iko hivyo, Mama Shiro. Ua la leo ni la leo. Lakini weka hiyo kisu chini! Usikate vijiti vya zamani, ua hurudi hapo hapo."

"Lemein analeta watu wake kuomba kuoa msichana wangu Shiro. Wakipata hii laini ya maua yako imelala, wewe na miche yako mtafute fensi ingine."

"Jumamosi zitafunguka zote. Naapa."

Ukweli ni kwamba Kyule hakuwa anajua. Alikuwa amebeba zege kwa mjengo, akaosha magari, akauza mayai boilo, na kila kazi ilimchosha kabla aizoee. Hii airisi tu ndio ilimshika, tangu shangazi yake ampee shina moja. Mvua ikianza anaipasua na panga, mizizi na majani yake, kila kipande kinakuwa mche. Udongo mweusi wa Kitengela unashika maji kama sufuria, kwa hivyo anachanganya na mchanga na samadi, na anapanda juu juu. Shida ni kwamba ukiihamisha inanuna, kama mtu amehamishwa bila kuulizwa. Ikiamua kutoa maua, inatoa yote pamoja. Ikiamua.

Jumamosi asubuhi na mapema, kila ua lilikuwa limefunga mdomo.

Kyule aliangalia miche yake, akaangalia barabara, akaona vile atahama. Kwa veranda ya Mama Shiro kulikuwa na furushi ya leso. Alichukua kiasi, akafunika kila shina, moja moja. Heri wageni waone nguo kuliko vijiti.

Sasa, hizo leso zilikuwa na kazi. Kwa ruracio, sherehe ya mahari ya Wakikuyu, wasichana hutolewa nje wakiwa wamefunikwa, na kijana anachagua mwenye ni wake. Akikosea, faini ni mbuzi. Lemein na watu wake kutoka Ewuaso Kedong walipofika, wasichana walikuwa bado ndani, wanagombania leso zimebaki.

Mzee Mureithi, msemaji wa familia ya Shiro, hakujua wasichana hawajatoka. Akasimama. "Lemein, wako ako kati ya hao wamefunikwa. Mchukue!"

Lemein, na suti na jasho, akatafuta. Kando ya fensi akaona laini ya watu wameinama, wametulia.

"Huyo wa mwisho ni mfupi sana," mamake, Mama Resian, akamnong'onezea.

"Yeyo," Lemein akamjibu mamake, "wote wamechuchumaa."

Upepo ukapita. Leso ya kwanza ikapanda, ikashuka.

"Huyu anapumua!" Mama Resian akasema. "Shika huyu!"

Kyule akafunga macho. Lemein akainua leso polepole, na heshima zote. Ndani, airisi zilikuwa zimefunguka zote, nyeupe, na njano na zambarau katikati.

"Shiro?" Lemein akauliza.

"Niko huku!" Shiro akapiga kelele mlangoni, kichwa ndani ya pazia ya sitting room.

"Amekosea!" Mzee Mureithi akaruka. "Mbuzi!"

Wamama wakapiga vigelegele. Mama Shiro akaangalia maua. Akaangalia laini yote bado imefunikwa.

"Mwache ajaribu na hizo zingine," akasema. "Asiharakishwe."

Halafu akamvuta Kyule kando. "Wewe na hiyo miche hamuendi mahali. Lakini jioni zikijikunja?"

Simu ya Kyule ikalia. Alikuwa Makena wa Matasia, mteja aliyenunua miche juzi, na alikuwa moto kwa hasira.

"Umeziweka wapi? Kwa ndoo ya maji? Makena, hiyo si samaki! Zitoe, nakuja."

Akachukua panga na gunia ya mchanga, akasimamisha boda.

"Na jioni, Kyule?"

"Jioni mzifunike tena!" akajibu, boda ikiwa tayari imetoka.