Aliyekalia Kofia

Katika jumba la sinema, mama wa makamo aliyewaonyesha watazamaji viti gizani aliitwa Mama Tochi. Alikuwa na jambo moja la kujivunia, na hata bintiye hakuliamini.

Katika filamu moja ya zamani ya mapenzi na vichekesho, mchumba anapiga magoti kuposa, na mtumishi wa nyumba anaikalia kofia yake. Filamu ilitokana na mchezo wa jukwaani, na jukwaani mtumishi alikuwa Mama Tochi. Siku moja alichoka, akakaa bila kutazama. Kofia ikawa bapa, watu wakavunjika mbavu. Tangu hapo akaikalia kila onyesho. Wenye filamu walipokuja, wakachukua kofia, wakachukua na kicheko, nafasi wakampa msichana mwenye shingo ndefu. Yeye akaambulia tochi.

"Mama, acha hizo," bintiye, mkata tiketi, alizoea kumwambia. "Kila mzee hapa mjini aliwahi kuwa nyota."

Jioni ya kuiadhimisha filamu, Mchumba mwenyewe, yule yule wa jukwaani na wa filamu, alikuja. Kipaji chake kilikuwa kimoja tu: kusimama penye mwanga. Kitambi kilimtangulia, shukrani alizisahau nyumbani. Akaweka kofia kwenye kiti cha mbele, akampita Mama Tochi kama anayepita nguzo, akapanda jukwaani.

"Ile ya kofia?" akasema, akijipaka unyenyekevu asio nao. "Niliibuni mimi. Yule msichana nikamfundisha."

Makofi! Mwongo akipigiwa makofi huota pembe.

Mama Tochi alikwenda safu ya mbele, akajimulika kwa tochi yake, akakipa kiti mgongo. Akashuka nusu, akasita, akatazama dari kana kwamba kuna aliyemwita huko, kisha akaketi taratibu, kwa raha zake. Kofia ikalia kwach!

Ukumbi ukaangua kicheko ambacho filamu haikuwahi kukipata.

"We mama! Kofia yangu hiyo!"

"Naijua, baba. Hata ile ya kwanza ulipiga kelele hivyo hivyo."

Mlangoni, binti alikuwa hacheki. Filamu hiyo aliijua yote kwa moyo. Yule mwenye shingo ndefu hakuwahi kusita vile. Alijibwaga tu kama gunia.

Mama Tochi akaanza kujiinua.

"Usiinuke, mama!" binti akapaza sauti, mbele ya watu wote. "Bado wanacheka."