Mguu wa Mama Mkwe

Enzi zile za ruksa, ukoo mzima pale Nkuhungu uliposikia naenda Dubai kwa mara ya kwanza kutafuta mali ya duka, kila aliyetaka viatu aliniletea uzi wenye urefu wa mguu wake. Wa mama mkwe ulikuwa mwekundu.

Asubuhi ya safari, zipu ya begi ikafumuka. Kwa akili zangu za kitajiri nikaunga nyuzi zote, nikalifunga begi barabara.

Stendi, mama mkwe akaja na maandazi ya njiani.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Kipimo changu hujakisahau?”

“Nisahau vipi? Kiko hapa mfukoni, pamoja na pasipoti.”

Akainama taratibu, akashika fundo jekundu.

“Na huu uliofungia begi, baba, ni mguu wa nani?”