Kadi Mbili za Damu

Nilikwenda Newala kwa sababu ya simu ya dakika moja. Ilikuwa Jumatatu, msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, na mimi nilikuwa kibandani kwangu Chiungutwa nikinyoosha rimu ya baiskeli ya mteja. Sauti ya mwanamke ikauliza kama mimi ndiye Issa Mnungu niliyechangia damu hospitali mwezi uliopita. Nikasema ndiye.

"Tunaomba ufike kitengo cha damu, baba. Uje mwenyewe, na kadi yako uje nayo."

"Kuna nini?"

"Ya damu hatuyasemi kwenye simu. Usichelewe tu."

Nieleze kwanza damu hiyo ilivyotoka. Mdogo wangu Mwanaidi ameolewa Newala. Alijifungua kwa upasuaji, na ndugu tukaombwa tuchangie damu ili kurudisha akiba ya hospitali. Tulikwenda wanaume wawili: mimi, na mtoto wa mama yangu mdogo anayeishi Lupaso. Yeye pia anaitwa Issa Mnungu. Jina ni la mjomba wetu. Mimi nilipewa mjomba akiwa hai. Yeye alizaliwa miaka kumi na miwili baadaye, mjomba akiwa ameshafariki, na mama mdogo akasema jina la kaka yake halitakaa kwa mtoto mmoja tu, tena wa dada mkubwa. Mama yangu alinung'unika, lakini kwetu jina la mjomba halizuiliwi. Tangu hapo tunaitana somo, na hakuna aliyewahi kutuchanganya, kwa sababu kila anayetujua anajua mama zetu.

Siku ile ya kuchangia, kulikuwa na foleni. Nesi aliandika majina mawili mawili, hakuuliza la tatu. Somo yangu alipoulizwa simu alisema, "Andika ya huyu kaka. Kwangu mtandao mpaka upande juu ya kichuguu." Mwishoni kadi zetu zote mbili nilikabidhiwa mimi kwa kuwa ndiye mkubwa. Kila kadi ilikuwa na jina, namba ya mfuko wa damu, na nafasi tupu ya kuandika kundi. Nilizitia katika daftari langu. Tulipoagana stendi, somo akiwahi gari la Masasi, nilichomoa moja nikampa.

Jumanne sikufanya kazi ya maana. Nina kitabu cha afya cha Kiswahili, kikuukuu, nilichonunua nikiwa kijana, na nimekisoma mara nyingi kuliko kitabu kingine chochote ninachomiliki, msahafu ukiutoa. Sikwenda shule zaidi ya darasa la saba; niyajuayo nimeyapata hivyo, ukurasa kwa ukurasa. Nikasoma magonjwa yanayopimwa kwenye damu ya kuchangia. Yapo manne. Kwa kila moja niliandika dalili kwenye daftari, kisha nikajikagua. Kuchoka: ninayo. Kukosa hamu ya kula: ninayo, tangu ile simu ya jana saa nne. Macho ya njano: nilichukua kioo cha pikipiki kilichokuwa kikingoja skrubu, nikatoka nacho juani, nikatazama mpaka mke wangu akauliza natafuta nini.

"Vumbi," nikasema.

Usiku ule nilikula peke yangu kwa kisingizio cha tumbo, ili nisichovye mkono katika sahani moja na watoto.

Jumatano, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuwa barabarani na mfuko wa rambo wenye daftari, kadi na sweta. Hewa ilinuka salfa. Kwenye mashamba ya pande zote mbili mashine za kupulizia zilikuwa zikinguruma na wingu la unga likipanda juu ya mikorosho. Gari dogo kutoka Masasi lilisimama, nikapata kiti cha dirishani.

Saa mbili kasoro tulianza kupanda uwanda wa juu. Wanaoijua njia hiyo wanajua jinsi joto la bondeni linavyokuacha kona kwa kona, na ukifika juu unakuta ukungu. Abiria walivaa makoti. Mwanamke mmoja aliyekaa nyuma yangu alikuwa akizungumza juu ya maji: kisima chake cha mvua kimebaki nusu na mvua ziko mbali. Nilimsikiliza kwa bidii, kama mtu anayetaka kutwishwa shida ya mwingine. Nilikuwa nawaza moja tu. Kama damu yangu ina ugonjwa, je, dada yangu aliwekewa damu ile?

Saa tatu, Newala. Hospitali nilielezwa kwamba anayehusika yuko wodini, nirudi saa tano. Nikaenda kwa Mwanaidi, kwa kuwa kuja Newala bila kupita kwake kungeleta maneno.

Alikuwa anatembea vizuri, ingawa ameinama kidogo. Mama mkwe wake, Bibi Amina, Mmakonde wa pale pale, alikuwa anapepeta mtama uani. Mimi ni Mmakua, na kwetu hao ni watani.

"Amekuja Mmakua!" akaita. "Ficheni panya, atawamaliza!"

"Shikamoo, bibi. Panya wenu wamekonda. Nimekuja na wa kwangu."

"Marahaba. Hebu kaa. Mwanaidi, mpe kaka yako mtoto, mjomba wake amwone."

Mwanaidi alitoka na mtoto, akamnyoosha kwangu. Nilirudisha mikono nyuma.

"Nina mafua," nikasema.

"Mafua gani? Hata hukohoi."

"Utanipa siku nyingine."

Bibi Amina aliacha kupepeta. "Mjomba anayekimbia mtoto! Sijaona. Au unaogopa atakukojolea hiyo suruali ya safari?"

Wakacheka wote. Mimi pia nikacheka. Lakini kwetu mjomba ndiye anayempokea mtoto wa dada yake, na Mwanaidi alipomrudisha kifuani aliniangalia kama mtu asiyenijua. Chai nilikunywa kwa kifuniko cha chupa yangu ya maji.

Saa tano na dakika kumi niliitwa katika chumba chenye meza, friji na rejista kubwa. Nesi alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kabla ya yote, niambie. Dada yangu alipewa damu yangu?"

"Hapana. Yeye alipewa iliyokuwa imeshapimwa. Yenu ilipelekwa kupimwa kwanza, na yenye tatizo haitumiki. Dada yako yuko salama."

Nikashusha pumzi. Nilikuwa nimeishikilia tangu Jumatatu.

Akaomba kadi, akalinganisha namba yake na rejista, akatazama jina, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaongea taratibu. Damu yenye namba ile ilikutwa na homa ya ini aina ya B. Akaniambia wengi wanaishi nayo miaka mingi bila kujua. Nitapimwa tena, ini litaangaliwa, na daktari ndiye ataamua kama nahitaji dawa. Inaambukiza kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto anapozaliwa.

"Sahani? Kubeba mtoto?"

"Kula pamoja hakuna shida. Mtoto mbebe. Mke wako ana ujauzito?"

"Hapana."

"Hata hivyo aje apimwe."

Nilikuwa naandika kila neno. Mkono ulitulia kuliko nilivyotegemea. Nadhani ni kwa sababu jambo lenye jina linashikika. Nesi akachukua kalamu kujaza ile nafasi tupu kwenye kadi yangu. Akasoma kwa sauti huku anaandika: "Kundi B."

Nikasema, "Mimi ni O."

"Nani alikwambia?"

Nikafungua kurasa za mwanzo za daftari, ambako nanakili mambo yasiyobadilika: tarehe za kuzaliwa watoto, namba za vitambulisho. Humo niliandika kundi langu mwaka nilipopasuliwa ngiri, na karatasi ya maabara ya siku ile niliibandika hapo kwa uji wa muhogo. O. Nesi aliisoma mara mbili. Akarudi kwenye rejista, akateremsha kidole, na kidole kikasimama. Kabla sijainama kutazama, akalaza mkono wake wote juu ya ukurasa.

Sote wawili tulikuwa tumeshaelewa. Chini ya mkono ule kulikuwa na Issa Mnungu mwingine, kundi O, asiye na tatizo, na huyo ndiye mimi.

"Kadi mlipewa mkononi kila mtu yake?" akauliza.

"Nilipewa mimi zote mbili. Nikagawa bila kusoma namba."

Naiandika sentensi hiyo kwa aibu. Mimi ndiye ninayeandika namba ya kila skrubu.

Alinipima upya. Tone la damu kwenye kipande kidogo, dakika kumi na tano. Ulitokea mstari mmoja, na mmoja maana yake hakuna ugonjwa. Mtu angetegemea nifurahi. Nilihisi wepesi wa miguu, ndiyo, kisha mara moja nikamwona mke wa somo yangu, Mama Hamisi, siku nilipopita kwao mara ya mwisho: ameshika kiuno, tumbo la miezi saba mbele yake.

"Mkewe ni mjamzito," nikasema.

Nesi akavua miwani. "Baba, nimekwambia habari ya mtu mwingine. Sikupaswa, na wewe hukupaswa kuisikia. Sasa mlete. Mlete na mkewe, mapema. Mama akijulikana hali yake kabla ya kujifungua, mtoto anaweza kukingwa mara tu anapozaliwa. Akichelewa ndiyo shida. Ila usimtangulie kumweleza. Hilo niachie mimi."

Usiku ule nililala nyumba ya wageni ya stendi, kwa kuwa kwa Mwanaidi wangenidodosa nilichoitiwa. Alhamisi niliondoka Newala alfajiri, nikapita Chiungutwa bila kushuka, nikafika Masasi saa nne, na kutoka pale bodaboda hadi Lupaso. Njia nzima nilipanga maneno, na kila nililopanga lilikuwa uongo au lilikuwa kumtangulia.

Nilimkuta somo shambani, mashine ya salfa mgongoni, uso mweupe kwa unga kama mtu aliyetoka kinuni. Aliizima.

"Somo! Shikamoo. Umekuja kunisaidia au kula?"

"Marahaba. Nimekuja na kadi yako ya damu. Nilikosea, nikakupa yangu."

"Kadi?" Akacheka. "Mwezi mzima iko kwenye mkebe wa sukari. Umepanda pikipiki toka Masasi kwa ajili ya karatasi?"

"Wanakuita Newala. Wewe na Mama Hamisi. Kesho."

Kicheko kikaisha. Akaiweka mashine chini polepole. "Wamekwambia nini?"

"Walikuita wewe, wakanipata mimi. Nesi atakwambia mwenyewe."

"Lakini wewe unajua."

Akanisogelea mpaka nikasikia salfa kwenye nguo zake. "Somo. Nijibu moja tu. Nakufa?"

"Kwa nilivyosikia, si hukumu ya kifo. Ila ukikaa, mtoto aliye tumboni ndiye utakayemponza."

Alitazama nyumba yake, ambako mkewe alikuwa anatwanga. Akajifuta uso kwa mkono wa shati, na unga ukabaki kwenye mikunjo ya macho.

"Basi kesho ni mbali," akasema. "Tutalala Masasi leo."

Ijumaa, saa mbili na nusu asubuhi, tulikuwa watatu kwenye benchi la kitengo cha damu. Mama Hamisi alikuwa kati yetu, ameshika kadi zote mbili kwa sababu alisema hatuamini tena. Mlango ukafunguliwa.

"Issa Mnungu!"

Tulisimama wawili. Nikakaa.

Kilichosemwa ndani ni chao. Ninaloruhusiwa kueleza ni kwamba Mama Hamisi alipimwa akakutwa hana ugonjwa, akaanza chanjo, na kwamba somo anahudhuria kliniki yake kila anapoitwa. Haya yote aliyasoma kabla sijayatoa. Hakufuta neno, ila aliniambia niongeze kwamba uso wake siku ile ulikuwa mweupe kwa salfa tu.

Safari hii imenifundisha kwamba daftari haliokoi mtu asiyesoma alichoshika mkononi. Siku hizi kwenye kadi zetu, chini ya jina, kila mmoja ameandika jina la mama yake.

Ijumaa ile mchana, wakiwa bado ndani, nilikwenda kwa Mwanaidi. Bibi Amina alianza, "Mafua yamepona, Mmakua?" Nilinawa mikono, nikakaa mkekani, nikanyoosha mikono yote miwili, na dada yangu akanipa mtoto.