Wazungu Wanaenda Kurusha Fizi

Wenzangu mliokulia kando ya mto Luvua enzi zile, mtakumbuka kwamba tulijua kuhesabu kurudi nyuma kabla hatujajua vizuri kuhesabu kwenda mbele. Dix, neuf, huit, mpaka zéro, halafu tunarusha juu mabua ya mipapai na kutawanyika mbio. Mwalimu wetu alishangaa kuona watoto wasiojua nane jumlisha tisa wakizitaja namba kinyumenyume kama sala. Tulifundishwa na vijana waliopata vibarua kule mlimani, ambako Wajerumani walikuwa wamefyeka msitu na kujenga mahali pa kurushia roketi.

Tulikuwa na raha zetu. Tulitoka shule na vumbi mpaka kwenye kope, nyumbani tukakuta bukari, yaani ugali, na dagaa tulioita ndakala, na aliyechelewa alilamba mchuzi mtupu. Wanangu hapa Macquarie Fields, Australia, hufungua friji iliyojaa wakasema, "There's nothing to eat." Friji yetu ilikuwa mpera wa jirani, na mwenyewe alikuwa na fimbo.

Shuleni roketi iliitwa fusée. Sasa ile u ya Kifaransa, ya kubana midomo kama mtu anayepuliza moto, sisi hatukuwa nayo. Tulisema fizi. Ndivyo nilivyoingia jikoni siku moja, msichana wa miaka minane, nikampasha mama habari: "Mama, Wazungu wanaenda kurusha Fizi!"

Mama aliachia mwiko. Kaka yangu mkubwa, Kalenga, alikuwa akiuza dukani kwa mtu huko Fizi, kule Kivu. Milima ya huko ilikuwa na waasi, kila mtu alijua. Tena watu wazima walikuwa wakinong'ona kwamba vile vitu vya Wajerumani si vya kwenda angani, ni makombora ya vita. Mama akajumlisha mwenyewe.

"Nani alikuambia?"

"Mwalimu."

Yakaishia hapo. Siku zile neno la mwalimu halikuulizwa mara mbili.

Alifunga kitenge akaenda kwa katekista, ambaye ndiye aliyekuwa akituandikia barua. "Andika: kuya mbio. Usingojee mushahara." Katekista akauliza kuna nini cha kumwitia mtoto mbio hivyo. "Andika tu. Ya mingine nitamuambia akifika." Barua ikapewa dereva wa lori. Siku zilizofuata mama hakula chakula cha maana, alikaa mlangoni akitazama njia. Mimi nilijiona shujaa, niliyemwokoa kaka.

Siku ya kurusha ilifika kabla ya Kalenga. Kijiji kizima kilisimama uwanjani, isipokuwa mama, aliyepiga magoti chumbani. Ikapanda, nyembamba, na moshi wake. Mngurumo ulitufikia baadaye, kuku wakaingia uvunguni. Halafu ikainamisha kichwa na kuangukia bondeni. Tulishangilia sana. Tulidhani kazi yake ndiyo hiyo, kupanda na kushuka. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba ilipaswa kuendelea.

Mama akatoka nje na macho mekundu. "Imefika Fizi?"

Mwalimu alipomweleza, watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Mama hakunipiga, ila hakunisemesha siku tatu, na heri angenipiga. Siku ya nne Kalenga akaja, miguu imevimba, hana mshahara, anaamini kabisa anakuja kuzika. Mama alimshika uso kwa mikono miwili. "Nilikosea neno," akasema. Kaka alicheka, akalia, akaomba bukari. Hakurudi tena Fizi, na mama akaitwa Mama Fizi tangu hapo.

Baadaye Wajerumani walifungasha wakaondoka; ilisemwa nchi jirani ziliogopa. Mpaka leo sijui kama zile zilikuwa silaha au la.

Hadithi hii niliwasimulia wanangu mwaka ule wa korona tulipofungiwa ndani. Helikopta ilizunguka juu ya mitaa yetu, wanajeshi na polisi wakibisha milango kuhakikisha watu wako majumbani. Binti yangu alicheka. "So it was your fault, Mum?" Ndiyo, nikamwambia, ilikuwa yangu.

Mwezi huohuo mama alilazwa Lubumbashi, pumzi zimembana. Ili kutoka Australia ilibidi kuomba ruhusa. Nilijaza fomu, binti yangu akakagua kila herufi, nikaambatisha barua ya daktari. Jibu likawa: ombi lako linashughulikiwa. Kalenga alimwekea mama simu sikioni.

"Utakuya siku gani?"

"Nimekwisha andika, mama."

"Uliandika muzuri?"

"Muzuri sana."

Walimzika Alhamisi, ombi langu likiwa bado linashughulikiwa. Kalenga alinishikia simu kaburini, nami nimesimama jikoni kwangu na sare ya kazi, kwa sababu saa mbili baadaye nilitakiwa kwenda nyumba ya wazee kuwaogesha mama za watu wengine.

Vijana wa leo wanatuhurumia kwa barua zetu za kubebwa na malori. Wana haki. Wao wanaonana uso kwa uso hata mmoja akiwa upande wa pili wa dunia. Lakini mama yangu alituma maneno manne kwa sababu ya kosa la mtoto, na mwanawe akafika. Fomu yangu haikuwa na kosa hata moja.