Uso wa Shemeji Kinyozi

Shemeji yangu, mume wa dada, ni kinyozi, na watu hawakumfuata kwa sababu ya mashine yake. Walifuata mdomo. Anakunyoa huku anakutania, unatoka kwenye kiti mbavu huna. Mimi alikuwa hanipi hata nafasi ya kupumua, shemeji mtu.

Kisha ugonjwa ukaanza kumla ubongo polepole. Mkono ulitetemeka, lakini huo dawa ziliutuliza kidogo. Kilichotuumiza ni uso. Uligoma kabisa. Utani ni uleule, ila uso mkavu kama ukuta, wateja wakadhani amenuna. Dada alijua ni ugonjwa, hata hivyo siku moja aliniambia anaogopa atalisahau tabasamu la mumewe.

Hospitali wakamwomba aingie kwenye majaribio ya tiba mpya. Daktari hakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, alisema huenda isisaidie. Wakamkata kipande cha ngozi mkononi, kidogo kama punje ya mchele. Ngozi, jamani. Wakazirudisha seli zake nyuma mpaka zikawa changa kama za mtoto ambaye hajaumbika, hazijui bado zitakuwa nini, ndipo wakazilea ziwe za ubongo. Kuna dada wa maabara kazi yake ilikuwa kuzilisha, hata siku za sikukuu.

Kabla ya upasuaji tuliruhusiwa kuchungulia kwenye hadubini. Nikaona vitu kama nyota zenye mikia mirefu, zimeanza kushikana. Shemeji aliinama muda mrefu, halafu, sijui kilimpata nini, akazisalimia, hamjambo humo. Yule dada wa maabara hakucheka.

"Ni wewe huyo," alimwambia, "kabla hujawa wewe."

Wakatoboa tundu dogo kwenye fuvu, wakazipandikiza. Miezi ikapita. Kila nikienda namchokoza, dada amemkodolea macho, wapi.

Juzi tulikuwa sebuleni, dada anakunja nguo. Nikamwambia shemeji kwamba kwa uvivu wa ukoo wao, hizo seli lazima zimelala tu humo ndani. Kona ya kushoto ya mdomo wake ikapanda. Kidogo sana, lakini ikapanda, ikakaa.

Dada akaacha shati.

"Rudia," alimwambia mumewe.

"Nirudie nini?" shemeji akauliza.

Hakuwa na habari kwamba ametabasamu. Dada aliushika mkono wake, akauweka pale kwenye kona ya mdomo, aguse mwenyewe kabla haijashuka.