Chungu Kilichooshwa Ugenini

Ukitaka chombo chako kirudi kitupu kutoka kwenye sherehe ya jumuiya, peleka pilau. Pilau haina adui. Hata ikiungua chini, hata nyama ikiwa ya kutafuta kwa tochi, watu watapanga mstari. Chapati nazo huisha kabla katekista hajamaliza kuombea chakula, kwa sababu wenye watoto wanajua kuzikunja kwenye kanga. Maharage ya nazi yanakwenda, ndizi za kukaanga zinakwenda. Usipeleke kabichi. Kabichi huletwa na mtu aliyechelewa kuamka, naye hurudi nayo nyumbani karibu yote. Ninayasema haya kama mtu anayejua, ingawa siku hizi sina tena hamu ya kula na watu.

Kwetu ni kando ya ziwa, si mbali na Mbamba Bay. Sikukuu ya mtakatifu somo wa jumuiya inapofika hatutafuti mpishi. Kila nyumba huja na chombo chake kimefunikwa kitambaa, vinapangwa juu ya mikeka uani kwa mwenyekiti, na baada ya sala watu huzunguka na sahani. Kuna sheria mbili ambazo hakuna aliyeziandika. Ya kwanza, mwenye chombo hali cha kwake. Anakula vya wenzake. Ya pili, chombo hakioshwi ugenini. Unakirudisha kwako kichafu, na masalia yake, unakaa chini unakwangua kwa kidole na kulamba, ndipo unajua uliwalisha watu nini. Kinachooshwa ugenini ni chombo ambacho chakula chake kimemwagwa. Kimechacha, au mjusi ametumbukia, basi wenye nyumba wanakisuuza ili mwenyewe asione aibu ikiwa mbichi. Lakini kila mtu anajua maana yake.

Mama yangu aliishinda pilau miaka yote. Alikuwa na chungu kikubwa cha Wakisi, kile kinachokuja kwa boti kutoka kaskazini mwa ziwa, na ndani yake alipika mbasa. Samaki huyo alimkausha mwenyewe kwa moshi siku mbili, akamvunja vipande, akampika taratibu kwenye karanga zilizotwangwa mpaka mafuta yapande juu. Chumvi aliitia mwisho, kwa vidole vitatu, bila kuonja. Ukimwuliza kwa nini haonji alikujibu kwamba ulimi hudanganywa na njaa lakini mkono haudanganywi. Watu walianza na chungu chake ndipo wakaikumbuka pilau. Nimewahi kumwona katekista anapangusa kile chungu kwa tonge la ugali wa muhogo, mtu mzima na miwani yake.

Baba alipofariki, na sisi watoto tulipokwisha kutawanyika, mama alibaki na mambo machache ya kumfanya ajulikane pale kijijini. Mashua ya baba iliuzwa. Shamba alililima jirani. Kilichobaki ni chungu kile, mara moja kwa mwaka. Nililijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana siwezi kujisamehe.

Jumamosi ile niliteremka kutoka Mbinga mjini, ninakofundisha shule ya msingi. Tangu lami ifike ziwani, safari iliyokuwa inamaliza siku nzima sasa unaifanya asubuhi na kunywa chai kule chini. Sikuwa tena na kisingizio cha kutokwenda kumwona mama, ila niliendelea kukitafuta. Nilimkuta jikoni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za wanafunzi. Nikaingia ndani kutua mfuko. Nilipotoka akaniuliza habari za wanafunzi kana kwamba ndiyo kwanza nafika. Nikajibu tena, nikajiambia ni uzee tu.

Chungu kilikuwa kinatokota. Nilimwona anachota chumvi kwenye kopo, anatia, anakoroga, anafunika. Nikachukua ndoo kwenda bombani. Niliporudi mkono wake ulikuwa ndani ya kopo tena. Akatia. Nikasimama na ndoo mkononi. Akafunika, akaangalia moto, akasogeza kuni, akafunua, akatia mara ya tatu.

Niliona. Hili sijawahi kumwambia mtu. Niliona mara zote tatu kwa macho yangu na sikufungua mdomo. Nikiwa msichana niliwahi kumwambia mbele ya wageni kwamba mchuzi umezidi chumvi, akanikabidhi mwiko, akasema haya, pika wewe, na siku mbili hakusema nami. Huwa najipa sababu hiyo, lakini siyo yenyewe. Sababu yenyewe ni kwamba ningesema habari ya chumvi, ningelazimika kusema na yale mengine: kwamba anauliza jambo mara mbili, kwamba mwezi uliopita jirani alinipigia simu kusema amelikuta sufuria tupu la mama linaungua motoni, kwamba sasa inabidi nimchukue nikae naye kwenye vyumba vyangu viwili. Sikuwa tayari. Nikatua ndoo, nikaenda kuoga.

Uani kwa mwenyekiti watu walikuwa wengi. Baada ya sala walikwenda moja kwa moja kwenye chungu cha mama kama desturi. Mimi nilikuwa najipakulia maharage ya mtu. Nikamwona mzee mmoja anatafuna, anaacha kutafuna, anainua kikombe cha maji na kukimaliza chote. Mtoto wa kike aliyekuwa karibu naye alitema kwenye kiganja, mama yake akamfinya. Mwenyekiti wa jumuiya, mama mnene mwenye sauti ya upole, akanivuta hadi jikoni kwake.

"Mwalimu, umeonja cha mama?"

"Sijaonja. Ni chombo chetu."

"Basi usionje."

Tukatazamana. Wanawake wengine wakaingia mmoja mmoja, wote nyuso zao zimekunjamana kwa chumvi na huruma. Mmoja akasema tumwambie taratibu. Mwingine akasema mwaka jana pia ilizidi kidogo, walivumilia. Kisha wote wakanigeukia mimi, kwa sababu ni mtoto wake na kwa sababu ni mwalimu. Wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Pale jikoni tulikuwa wanawake saba na tukaliharibu.

Nilisema, "Pakueni, mkamwage nyuma."

Wakafanya hivyo, na walifanya vizuri mno. Walipanga mstari mbele ya chungu cha mama, mrefu kuliko mwaka wowote. Kila mmoja alipakua upawa mzima, akampigia mama kelele, "Mama, leo umetuweza," akapita upande wa jikoni, akamwaga kwenye shimo la majivu, akarudi na sahani tupu kupanga tena. Mama alikuwa amekaa mwisho wa mkeka na pilau ya watu kwenye sahani, hali, anatazama mstari. Alikuwa anacheka. Aliwaambia, "Taratibu jamani, na wengine hawajapata." Sijamwona amefurahi namna ile tangu baba alipokuwa hai. Tulimvika kilemba cha ukoka, na mimi ndiye niliyekikata hicho kilemba na kumpimia.

Chungu kilipoisha nikapata wazo la mwisho, na nikajiona mjanja. Nilijua mama akifika nyumbani atakwangua na kulamba, atagundua. Kwa hiyo nikakichukua hadi kwenye bomba la mwenyekiti, nikakisugua kwa majivu, nikakisuuza mara mbili mpaka hakina hata harufu. Miaka mingi mjini ilikuwa imeniharibu. Kule Mbinga ukirudisha hotpoti ya mtu bila kuiosha utaitwa huna adabu. Ile sheria ya pili haikunijia kabisa, mimi niliyezaliwa ndani yake. Wale wanawake waliniona naosha na hakuna aliyenizuia. Labda walidhani nimeamua.

Tulitembea hadi nyumbani, mimi na chungu kichwani, yeye anaongea njia nzima juu ya mstari ule. Alikaa kizingitini, akaniambia, "Lete nilambe kidogo." Nikampa. Akakifungua kitambaa, akaingiza mkono, akazungusha kidole chini. Akakitoa kidole kikavu, akakiangalia.

"Mmekiosha," akasema.

Nilijitia kukunja kitambaa.

"Walimwaga?"

"Walikula, mama. Umeuona mwenyewe ule mstari."

"Kilikuwa na nini?"

"Hakikuwa na kitu."

"Mwanangu, niambie tu kilikuwa na nini, ili mwakani nirekebishe."

"Walikula, mama."

Hakuniuliza tena. Alikiweka chungu kando yake, akakaa mpaka jua likazama upande wa Malawi, na nilipomwita ale alisema ameshiba. Mwaka uliofuata mwenyekiti alipopita kumkumbusha sherehe, mama alimwambia kwamba atapeleka mkate wa dukani. Alipeleka mikate miwili. Niliambiwa hakukaa kula, aliiweka mkekani na kuondoka.

Sasa yuko kwangu Mbinga. Nilimchukua baada ya kumkuta amekaa nje kwenye mvua akimsubiri baba arudi kutoka ziwani. Hapa baridi inamtesa, anavaa masweta yangu mawili kwa pamoja, na asubuhi ukungu ukiwa mzito anauliza ziwa limehamia wapi. Jina langu limempotea. Baadhi ya siku mimi ni dada yake, siku nyingine mimi ni mfanyakazi, ananiambia asante bibi. Mafiga yalipokaa hakumbuki, na moto simruhusu kuusogelea. Daktari ameniambia kwa upole kwamba hakuna kitakachorudi. Nimeacha kusali juu ya hilo.

Jumuiya yangu ya hapa mjini nayo hukutana na vyombo. Mwaka jana nilipeleka mbasa wa mama, nimempika hatua kwa hatua, nikaonja mara kumi. Chungu kilikwisha. Wakanisifu. Nilitoka kama ninayekwenda chooni, nikazunguka nyuma ya nyumba ya watu, nikachokoachokoa shimo la taka kwa kijiti. Hamkuwa na kitu humo ila maganda ya ndizi. Sikuamini hata hivyo. Najua inavyofanywa, niliifundisha mwenyewe.

Lakini hilo si kitu. Kitu ni kwamba katika yote yaliyomtoka mama, moja limebaki. Kila akikiona chungu kile, tulichokuja nacho, rafuni ananiuliza, "Walimwaga?" Baba yake mzazi hamkumbuki, watoto wake hawakumbuki, lile analo. Nilimjibu walikula, siku kwa siku, karibu mwaka mzima. Nikakificha chungu chini ya kitanda, akauliza bila kukiona. Nikakirudisha rafuni.

Juzi nilichoka. Nilikuwa namfunga vifungo vya sweta, akauliza, nikasema, "Ndiyo, mama. Walimwaga."

Akauliza, "Chumvi?"

"Chumvi. Ulitia mara tatu."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama na ndoo ya maji."

Akaniangalia, na nina hakika dakika ile alijua mimi ni nani. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

"Ungesema tu, mwanangu," akasema. "Ningetia maji."

Nililia mbele yake kama mtoto, akanipangusa kwa mkono wa sweta langu mwenyewe. Jana asubuhi nilimletea uji. Alipokea bakuli kwa mikono miwili, akasema asante bibi, macho yake yakapanda rafuni, yakasimama pale.

"Walimwaga?"

Nikavuta kigoda, nikakaa, nikaanza kumwambia upya.